Kima hashindi virusi, anaishi navyo: kusoma kitabu cha Jacques Pepin tukiwa Kinkondja



Kitabu cha leo ni cha daktari Mkanada Jacques Pepin, The Origins of AIDS, kilichotoka mwaka 2011. Tafsiri ya Kifaransa ilitoka mwaka 2019, Aux origines du sida, na njo hiyo wengi wetu tunapitishana kwenye simu, kipande kipande, kufuatana na rezo ya Kinkondja. Ni kitabu kizuri, na nitaeleza uzuri wake kwanza. Lakini tunavyokisoma sisi, kuna swali moja tunaliruka. Na juu ya swali hilo, kuna watu wanaacha dawa zao na kufa. Njo maana naandika.

Kwanza, kitabu kinasema nini? Pepin si mtu wa kuja na ndege siku mbili halafu kuandika. Alifanya kazi ya udaktari Nioki, upande wa Bandundu, miaka ya 1980, wakati wa Zaïre. Swali lake ni hili: virusi vya sokwe (sisi wengine tunasema sokomutu) vilivyokuwa msituni kusini-mashariki mwa Kameruni, vilipitia njia gani mpaka kuwa ugonjwa wa dunia nzima? Jibu lake linakwenda hatua kwa hatua. Mwindaji mmoja anajikata wakati wa kuchinja, mwanzoni mwa karne ya 20, na damu ya mnyama inaingia kwenye damu yake. Hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu wawindaji walijikata tangu zamani za mababu. Kilichobadilika ni mji na sindano. Virusi vinafika Léopoldville, mji wa kikoloni uliojaa wanaume waliokuja kutafuta kazi, wanawake wachache, na biashara ya mapenzi iliyotokana na hali hiyo. Tena kuna kampeni kubwa za dawa za serikali ya kikoloni: ugonjwa wa usingizi, buba, kaswende. Watu wanapanga mstari, sindano ni chache, kuchemsha ni kwa haraka au hakuna kabisa. Daktari anadhani anaponya, na kwa kweli anaponya buba, lakini sindano ileile inabeba kitu ambacho hakuna mtu anayekijua bado. Baada ya uhuru, Wahaiti waliokuja Kongo kufundisha na kufanya kazi wanarudi kwao, virusi vinavuka bahari, na kutoka Haiti vinaingia Marekani.

Sisi wa Haut-Lomami tunapaswa kusoma sehemu ya usafiri kwa makini. Mwaka 2014, watafiti wakiongozwa na Nuno Faria walichapisha katika gazeti la Science uchunguzi wa ukoo wa virusi hivyo. Walionyesha kwamba mti wa ukoo unarudi Kinshasa, karibu na miaka ya 1920, na kwamba kabla ya mwaka 1940 virusi vilikuwa vimekwisha kufika Lubumbashi na Mbuji-Mayi. Kisangani, ambako watu walikwenda kwa mto, vilichelewa mpaka miaka ya 1950. Tofauti ni nini? Ni reli. Mwaka 1928 njia ya BCK ilikamilika kutoka Bukama mpaka Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo. Mtu alipanda mashua Léopoldville, akashuka Port-Francqui, akaingia treni, akapita Kamina, akafika Bukama na kuendelea mpaka Élisabethville. Kamina ile ambako tunakwenda kutafuta karatasi za serikali ilikuwa kwenye njia. Na kutoka Bukama, Lualaba inateremka mpaka kwetu, ziwa Kisale. Historia hii haikupita mbali na mlango wetu.

Sasa nguvu ya kitabu. Nguvu yake ya kwanza ni kwamba kinafunga midomo ya uvumi bila kutukana mtu. Wengi mmesikia kwamba SIDA ilitoka kwenye chanjo ya polio iliyotolewa Kongo mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwandishi Mwingereza Edward Hooper aliandika kitabu kikubwa juu ya hiyo mwaka 1999, The River. Lakini mwaka 2004, Michael Worobey na wenzake walionyesha kwamba virusi vya sokwe wa eneo la Kisangani, ambako sokwe wa utafiti wa wakati ule walikuwa wakikamatwa, ni vya tawi lingine, si tawi la VIH-1 inayoua watu duniani. Na mwaka 2008 Worobey huyohuyo akalinganisha vipande viwili vya Léopoldville, damu ya mwaka 1959 na kipande cha mwili cha mwaka 1960. Vilikuwa vimekwisha kutofautiana sana. Hesabu ikamrudisha mwanzoni mwa karne, miaka mingi kabla ya chanjo yoyote ya polio. Pepin anaweka ushahidi wa namna hii mezani kwa utulivu. Anaongeza utafiti wake mwenyewe juu ya wazee waliopigwa sindano za kikoloni: wazee hao wanabeba alama ya virusi vingine vya damu, kama vile vya hepatiti C. Sindano imeacha nyayo.

Udhaifu wake wa kwanza ni wa vyanzo. Anategemea sana ripoti za madaktari wa kikoloni: sindano ngapi, wagonjwa wangapi, wilaya gani. Wale waliopigwa sindano hawasemi. Kwenye kitabu kizima unaona mikono yao, mishipa yao, hesabu yao, lakini sauti yao inasikika kidogo. Si kosa lake peke yake, juu archives ziko hivyo. Lakini tukisoma tuhesabu na hilo.

Jambo la pili ndilo kubwa, na si kosa la Pepin, ni la kwetu sisi wasomaji. Kitabu kinajibu swali la njia. Kikiisha, kila mtu anafunga simu akidhani amejua yote. Hapana. Bado kuna swali la pili: yule mnyama mwenyewe, mbona haugui?

Zaidi ya aina 40 za nyani na kima wa Afrika wanabeba virusi vya jamaa moja na VIH, vinavyoitwa SIV. Kila aina, karibu, ina vyake. Steve Ahuka-Mundeke wa INRB Kinshasa na wenzake wamepima kima wanaouzwa kama nyama ya pori hapa nchini na wakakuta virusi ambavyo havikuwa vimejulikana. Tumbili wana vyao. Mangabe wa Afrika Magharibi, Cercocebus atys, wana vyao, na hivyo vya mangabe njo vilizaa VIH-2 ya binadamu. Wanyama hao wanabeba virusi maisha yao yote, wanazaa, wanazeeka, na kwa kawaida hawapati SIDA.

Ukiuliza kwa nini, jibu la barazani ni moja: "Juu nyama ya pori iko na kinga ya nguvu." Nimelisikia kwa wauguzi, kwa wachungaji, kwa watu wa lisansi kama sisi. Linaonekana lina akili. Ni la uongo.

Tazameni walichokiona watafiti, sana sana kwa mangabe waliofugwa katika kituo cha Yerkes, Atlanta. Kama kinga yao ingekuwa inashinda virusi, damu yao ingekuwa na virusi kidogo. Sivyo. Mangabe aliyeambukizwa ana virusi vingi kwenye damu, sawa na mtu wa VIH asiyepata dawa, pengine kupita. Wakapima jeshi la mwili. Mnajua kwamba kuna seli za CD4, ambazo ni kama wakuu wa kutoa amri, na seli za CD8, ambazo ni askari wanaoua seli zilizokwisha kuingiliwa. Askari wa mangabe wanakitambua kirusi, ndiyo, lakini hawakitambui kwa ukali kupita askari wa binadamu. Mwaka 2006, katika gazeti la Blood, watafiti waliandika wazi kwamba kutougua kwa mangabe hakutegemei nguvu ya seli za kinga dhidi ya kirusi. Wengine waliondoa kwa muda seli za CD8 kwenye mwili wa mangabe. Virusi viliongezeka kwa kiasi, basi. Kwa kima wa Asia wanaoitwa makaki, ukiondoa askari hao virusi vinaruka juu sana.

Basi mangabe ana siri gani? Siri yake ni kutulia. Siku za kwanza za maambukizo mwili wake unapiga kelele kama wa mtu yeyote: interferoni inapanda, askari wanaamka, seli za CD4 za utumbo zinapungua sana. Halafu, baada ya wiki chache, kelele inazimwa. Virusi bado viko, vingi, lakini mwili hauendelei na vita ya kila siku. Ukuta wa utumbo unabaki mzima, mikrobi za tumboni hazivuji kuingia damuni, na seli za CD4 zilizobaki zinatosha kufanya kazi.

Kwa binadamu asiye na dawa, na kwa makaki, kelele haizimwi. Miaka yote mwili uko kwenye hali ya dharura. Seli zinazaliwa haraka, zinafanywa askari haraka, zinakufa haraka, hata zile ambazo kirusi hakijazigusa. Utumbo unavuja, na kuvuja kunaongeza kelele. Tena kirusi kinapenda seli za CD4 zilizoamshwa, kwa hiyo kila unapoamsha jeshi unakiongezea chakula. Guido Silvestri na wenzake walionyesha tofauti hiyo mwaka 2003. Baadaye walikuta jambo lingine: seli za CD4 za mangabe zile zinazoishi muda mrefu, za kumbukumbu, zina vipini vichache ambavyo kirusi hushika ili kuingia. Yaani mnyama amekubali kirusi kile matawi, akakinyima mizizi. Tumbili wana mbinu nyingine: seli zao za kumbukumbu zinaficha alama ya CD4, na mwaka 2017 ilionekana kwamba seli zao za NK zinalinda tezi za limfu ili kirusi kisijenge maficho humo. Kwa hiyo kinga haijalala. Inajua wapi pa kusimama na wakati gani wa kurudi nyumbani.

Sisi watu wa agronomia tulipaswa kuelewa hili kabla ya madaktari. Kwenye somo la magonjwa ya mimea tulifundishwa kutofautisha maneno mawili: resistance na tolérance. Mhogo wenye resistance kwa mozaiki haukubali kirusi kizae. Mhogo wenye tolérance unakubali, unajaa kirusi, lakini unatoa mavuno. Kwa mkulima wa haraka haraka ni sawasawa, bukari iko mezani, sombe iko sufuriani. Lakini shamba la jirani haliko sawa! Ule mhogo wa tolérance ni ghala la kirusi. Nzi weupe wanachota humo na kupeleka kwa mihogo dhaifu. Na mtu akikata vipandikizi kwenye shina lile akidhani ni zima kwa kuwa linazaa, anabeba ugonjwa mpaka kijiji cha mbali. Mangabe ni mhogo wa tolérance. Sindano za Pepin ni vipandikizi visivyochunguzwa. Ukiunganisha hayo mawili unapata historia nzima: ghala lililotulia, na mkono wa mtu unaotoa kitu ghalani.

Na utulivu huo haukupatikana bure. Kwenye kisiwa cha Bioko, ambacho maji yalikitenga na bara la Afrika zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, kima wanabeba virusi vyao, na hesabu ya Worobey ya mwaka 2010 inasema SIV iko nao kwa miaka 32,000 angalau. Katika muda huo, tunaweza kufikiri, waliokuwa na mwili wa kupiga kelele walikufa na waliotulia wakazaa. Sokwe, ambao walipata virusi vyao baadaye, bado wanalipa. Kule Gombe, ng'ambo ya Tanganyika, upande wa Kigoma, uchunguzi wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba sokwe walioambukizwa wana hatari ya kufa mara 10 mpaka 16 kupita wenzao wa umri mmoja. Wao pia ni nyama ya pori, wana nguvu kutushinda wote hapa, lakini wanaugua. "Kinga ya nguvu" iko wapi hapo?

Sasa nifike penye moto. Kila soko letu, kutoka Kinkondja mpaka Bukama mpaka Kamina, lina mtu mwenye chupa na kipaza sauti: "Dawa ya kuongeza kinga! SIDA inaogopa kinga!" Wengine wanatoa mfano wa nyani kabisa, eti dawa ina mizizi ile nyani anakula. Mgonjwa anasikia, anahesabu: ARV ni za kila siku, kituo cha afya ni mbali, njiani watu wananiangalia, chupa ni mara moja. Anaacha ARV. Na sisi wenye diplome tunanyamaza, au tunamsindikiza, juu hata sisi tunaamini kwamba SIDA ni ukosefu wa nguvu ya kinga na tiba yake ni kuongeza.

Mambo ya mangabe yanavunja hoja hiyo kwenye shina. Kwa mtu wa VIH, seli za CD4 zimepungua, kweli, na zikipungua sana kifua kikuu na magonjwa mengine yanaingia. Lakini zinapungua kwa sababu gani? Kirusi kinaziua, na jeshi lililoamshwa bila kupumzika linazimaliza. Kumwambia mtu wa namna hiyo "tuiamshe kinga zaidi" ni kumwaga petroli. Anachohitaji ni kuondolewa sababu ya kelele, yaani kirusi kikatwe kisizae. Njo kazi ya ARV. Kirusi kikishuka, kelele inashuka, CD4 zinapanda zenyewe. Na mtu ambaye kirusi chake hakionekani tena kwenye vipimo, akiendelea na dawa, hamwambukizi mwenzake wa ndoa. Mangabe walifika hapo kwa makumi ya maelfu ya miaka na makaburi. Sisi tunafika kwa kidonge kimoja kwa siku.

Najua mtakaloniuliza: je, basi kinga ni adui? Hapana. Wako watu wachache sana duniani ambao miili yao inazuia VIH bila dawa, na kwao askari wa CD8 wanafanya kazi kubwa kweli. Mwanzoni mwa maambukizo askari hao wanasaidia kila mtu. Tena mangabe si malaika: imewahi kuandikwa juu ya mmoja aliyepata SIDA baada ya kubeba virusi miaka mingi. Ninachokataa ni ile hesabu ya sokoni, kinga nyingi ni afya nyingi. Hata ARV zenyewe haziishi kelele yote. Kwa watu wengi wanaotibiwa inabaki kidogo, na njo maana labo za dunia bado zinawachunguza mangabe na tumbili: wanataka kujua kelele ile inazimwaje.

Na juu ya nyama ya pori: mfano wa mhogo unatosha. Kima aliyenona, mwenye manyoya yanayong'aa, hajathibitisha kwamba damu yake ni safi. Ghala halionyeshi ugonjwa. Nyama iliyopikwa vizuri si tatizo. Tatizo ni kisu, damu mbichi na kidonda mkononi. Hapa ziwani samaki njo chakula chetu, lakini wenye kuwinda upande wa Upemba ni ndugu zetu, tuwaambie hivyo bila kuwatisha na bila kuwadharau.

Hukumu yangu, basi. Kitabu cha Pepin kisomwe, na kisomwe chote, maana kinatuonyesha kwamba janga hili lilitengenezwa na watu, na reli, na sindano, si na laana ya mtu mweusi wala dhambi ya mwindaji mmoja. Lakini msomaji wa kwetu asikifunge bila kuongeza ukurasa wake mwenyewe juu ya mnyama aliyebaki msituni bila kuugua. Yule mnyama hakushinda vita. Alijifunza kutopigana vita isiyo na mwisho. Anayekuuzia chupa kwa jina lake hamjui.

Wa fakulte ya udaktari na wa biolojia, nawaachia nafasi hapa chini: sahihisheni, ongezeni. Na kama kuna mtu hapa ana jamaa ambaye amesimamisha ARV juu ya chupa ya sokoni, asingoje tumalize mabishano. Amsindikize kituo cha afya kesho asubuhi.